Skrubu ndogo, mzigo mkubwa: Jinsi ya kufunga makabati ya jikoni yasianguke

MTU anayekamilisha ujenzi wa nyumba yake Kombewa, Kaunti ya Kisumu, huwa amekwisha kutumia fedha nyingi kununua saruji, mabati, madirisha na vigae kabla ya kufika jikoni. Inapowadia zamu ya makabati, mara nyingi mfuko umekauka na subira imekwisha.

Hapo ndipo kijana wa fundi hutumwa dukani kuleta "skrubu za kutosha". Hatajiwi urefu, unene wala aina. Naye muuza duka humpa zile zilizo karibu na mkono, na kabati lililogharimu maelfu ya shilingi likaning'inizwa kwa vyuma vilivyogharimu shilingi chache.

Kosa hilo halionekani siku hiyo. Hujitokeza baada ya miezi, pengine miaka, kabati linapoachana na ukuta likiwa limejaa sahani na vikombe. Chini yake kuna jiko la gesi, na mbele ya jiko husimama mpishi, na pengine mtoto.

Ajali ya namna hiyo inaweza kuepukika kwa gharama ndogo mno. Linalohitajika ni mwenye nyumba na fundi wake kuelewa kazi inayofanywa na skrubu, ambayo Kiswahili sanifu huiita parafujo, kisha kuichagua kulingana na mzigo na aina ya ukuta.

Uzito usiotarajiwa

Katika jikoni za jadi za eneo la Seme, ambako Kombewa ndiko makao makuu ya kaunti ndogo, vyungu viliwekwa sakafuni, kimoja juu ya kingine. Uzito wote uliishia ardhini. Hata mawe makubwa ya Kit Mikayi, ambayo wasafiri wa barabara ya Kisumu kuelekea Bondo huyajua vyema, yamesimama kwa kuegemeana na kulaliana.

Kabati la ukutani halina cha kulalia. Chini yake ni hewa tupu, na kila kilichomo ndani hubebwa na skrubu chache zilizofichika nyuma.

Chukua mfano wa kabati lenye upana wa sentimita 80, kimo cha sentimita 72 na kina cha sentimita 30, lililotengenezwa kwa zile mbao za kiwandani za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zijulikanazo madukani kama MDF, zenye unene wa milimita 18. Pamoja na milango yake na rafu moja, kabati hilo lina uzito wa takriban kilo 25 kabla ya kuwekwa hata kijiko.

Haba na haba hujaza kibaba. Bunda moja la unga wa mahindi lenye pakiti 12 za kilo mbili ni kilo 24. Ukiongeza sahani, bilauri, sukari na mafuta ya kupikia, kabati hufikisha kilo 60 bila mtu kutambua. Huo ni uzito wa mtu mzima anayening'inia ukutani mchana na usiku.

Uzito huo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza huivuta skrubu kuelekea chini, kana kwamba unataka kuikata. Pili, kwa kuwa kabati limetokeza mbele, huvuta sehemu yake ya juu ili ibanduke ukutani, huku ukingo wa chini ukiegemea ukuta.

Katika mfano huu, skrubu nne zikigawana kilo 60 sawasawa, kila moja hubeba kilo 15 kuelekea chini. Aidha, zile mbili za juu hugawana mvuto wa takriban kilo 14 unaotaka kuzing'oa. Mzigo ukirundikwa karibu na milango, au mtoto akiuning'inia mlango uliofunguliwa, mvuto huo huongezeka papo hapo.

Skrubu nzuri ya chuma huweza kuhimili zaidi ya hayo. Ndiyo maana makabati mengi yaangukayo hayaanguki kwa sababu skrubu ilikuwa nyembamba mno. Huanguka kwa sababu skrubu haikushika kitu kigumu, au ilikuwa ya aina isiyofaa kwa kazi hiyo.

Tatizo la skrubu nyeusi

Skrubu zinazotumiwa vibaya zaidi ni zile nyeusi, zenye ncha kali na kichwa kilichobonyea mfano wa tarumbeta. Hupatikana karibu katika kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake ni nafuu.

Skrubu hizo zilibuniwa kwa ajili ya kushikiza mbao za jipsamu kwenye dari na kuta za ndani. Ili ziweze kupenya upesi bila kutobolewa njia, chuma chake huchomwa na kupozwa hadi kikawa kigumu sana. Ugumu huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa chuma kigumu kupita kiasi huvunjika ghafla.

Skrubu ya mbao ya kawaida, ikizidiwa, hupinda kwanza. Kabati huinama, mwanya huonekana, na mwenye nyumba hupata muda wa kulitua. Skrubu nyeusi ya jipsamu haitoi onyo kama hilo. Hukatika kichwa, wakati mwingine hata mikononi mwa fundi anapoikaza.

Kichwa chake nacho kina kasoro kwa kazi hii. Umbo la tarumbeta lilikusudiwa kuzama katika karatasi ya jipsamu. Kikikazwa kwenye mbao za kiwandani, hufanya kazi ya kabari na kuupasua ubao badala ya kuubana.

Isitoshe, rangi ile nyeusi ni kinga hafifu dhidi ya kutu. Kombewa si mbali na Ghuba ya Winam, na hewa ya ukanda wa ziwa hubeba unyevu mwingi, hasa wakati wa mvua za masika. Ukiongeza mvuke wa sufuria za ugali na samaki kila jioni, jikoni ni mahali ambapo chuma kisicho na kinga hakidumu.

Skrubu ifaayo kuangika kabati ni ile ya mbao iliyopakwa zinki, yenye kichwa kipana na bapa upande wa chini, au yenye washa chini ya kichwa. Upana huo huubana ubao bila kuutoboa wala kuupasua.

Ukuta ni wa aina gani?

Kabla ya kununua chochote, fundi anapaswa kuujua ukuta. Nyumba za eneo hili hazifanani: zipo za mawe ya kuchonga, za matofali ya kuchomwa, za matofali ya saruji, na zipo za udongo na fito ambazo hupigwa lipu ya saruji kwa nje na ndani hivi kwamba mgeni hawezi kuzitofautisha na za mawe.

Ukuta wa mawe au saruji iliyoshikana ndio rahisi zaidi. Hutobolewa kwa keekee ya umeme, ama drili, kisha kiziba cha plastiki hutiwa katika tundu na skrubu hukazwa ndani yake. Skrubu inapoingia, kiziba hutanuka na kung'ang'ania kuta za tundu.

Mafundi wa Kenya hukiita kiziba hicho rolplagi. Jina hilo linatokana na John Joseph Rawlings, mkandarasi wa London aliyekibuni mwanzoni mwa miaka ya 1910 alipotakiwa kufunga vifaa vya umeme katika Jumba la Makumbusho la Uingereza bila kuharibu kuta zake. Vile vya kwanza vilikuwa vya nyuzi za mmea zilizogandishwa kwa damu ya wanyama. Vya plastiki vilikuja baadaye.

Matofali ya kuchomwa huhitaji uangalifu zaidi, hasa yaliyochomwa kienyeji, kwa kuwa mengine huwa laini katikati. Fundi azime mtetemo wa kugonga wa keekee na atoboe polepole, la sivyo tundu litapanuka na kiziba kitazunguka bure. Atoboe ndani ya tofali lenyewe wala si katika kiungo cha matofali mawili.

Matofali ya saruji yenye matundu nayo hudanganya. Keekee hupenya kwa urahisi ghafla, ishara kwamba imefika kwenye uwazi. Kiziba cha kawaida hakina cha kushika humo. Hutakiwa vile vya aina ya kujifunga fundo au kutanua mabawa nyuma ya uwazi.

Ukuta wa udongo ni suala jingine kabisa. Hakuna skrubu, hata iwe ndefu namna gani, inayoweza kubeba kilo 60 ikiwa imeshika udongo mkavu na lipu ya sentimita moja. Fito na nguzo zilizo ndani yake huenda zimekwisha kuliwa na mchwa.

Katika nyumba ya namna hiyo, ushauri wa kweli ni kutoangika kabati ukutani. Makabati ya kusimama sakafuni yanatosha. Ikiwa lazima yawe juu, basi yasimamishwe juu ya nguzo za mbao zinazofika sakafuni ili uzito uende ardhini, na skrubu za ukutani ziwe za kuzuia kuyumba tu.

Kuhesabu urefu na unene

Katika maduka mengi nchini, skrubu huuzwa kwa inchi na namba. Inchi hutaja urefu na namba hutaja unene. Kadiri namba inavyoongezeka ndivyo skrubu inavyonenepa: namba 6 ina unene wa takriban milimita 3.5, namba 8 milimita 4.2 na namba 10 milimita 4.8.

Kwa kuangika kabati la ukutani, namba 10 ndiyo ifaayo. Kiziba chake kiwe cha milimita 8, na tundu litobolewe kwa ncha ya milimita 8. Tundu likiwa pana kuliko kiziba, kazi yote imeharibika hata kabla ya skrubu kuguswa.

Urefu nao una hesabu yake. Jumlisha unene wa ubao wa kabati unaopitiwa na skrubu, unene wa lipu, na urefu wa kiziba, kisha ongeza milimita chache ili ncha ya skrubu itokeze nyuma ya kiziba na kukitanua chote.

Kwa mfano, ubao wa milimita 18, lipu ya milimita 15 na kiziba cha milimita 40 hufanya jumla ya milimita 73. Skrubu ya inchi 3, ambayo ni milimita 76, ndiyo fupi kabisa inayokubalika hapo. Ile ya milimita 80 ni bora zaidi.

Ni vyema kuzingatia kwamba lipu huhesabiwa kama umbali wa kupita wala si kama nguvu. Lipu ni vazi la ukuta. Mafundi wengi hutumia skrubu ya inchi moja na nusu, yaani milimita 38, ambayo baada ya kupita ubao na lipu hubakisha milimita tano tu ndani ya ukuta wenyewe.

Kosa jingine ni kupitisha skrubu katika ubao mwembamba wa mgongo wa kabati, ambao kwa kawaida una unene wa milimita tatu. Ubao huo ni wa kuzuia vumbi. Skrubu ikipita hapo, kichwa hubaki ukutani na kabati likaanguka, likiacha skrubu ikiwa imara kama siku ya kwanza.

Kabati la kuangikwa sharti liwe na ubao wa kubebea, wenye unene usiopungua milimita 18, uliofungwa imara kwenye mbavu zote mbili chini ya paa lake, na mwingine upande wa chini. Mteja anayeagiza makabati katika karakana za jua kali, ziwe za Kombewa kwenyewe au za Kibuye mjini Kisumu, aulizie ubao huo kabla ya kulipa.

Skrubu zisipungue nne, mbili juu na mbili chini. Kabati lenye upana unaozidi sentimita 80 liongezewe ya tatu upande wa juu.

Kila kiungo na skrubu yake

Skrubu ya kuangikia haifai kutumiwa kila mahali. Makabati mawili yanayopakana huunganishwa kwa skrubu ya milimita 30. Mbao mbili za milimita 18 ni milimita 36, hivyo skrubu ya 30 hushika zote mbili bila kuchomoza upande wa pili na kuwakwaruza wenyeji vidole.

Bawaba za milango huhitaji skrubu fupi za milimita 16 zenye unene wa milimita 3.5. Iliyo ndefu zaidi ya hapo huenda ikatokeza mbele ya mlango na kuharibu sura yake.

Mbavu na sakafu ya kabati la chipubodi huunganishwa kwa skrubu nene za milimita 7 kwa 50 zenye hesi pana, ambazo zilibuniwa kwa mbao za vipande vilivyoshindiliwa. Hizo hutobolewa njia kwanza. Skrubu ikisukumwa kwa nguvu katika ukingo wa ubao wa kiwandani, ubao hupasuka katikati kama kitabu.

Mbao ngumu za asili kama mvule nazo hutaka kutobolewa njia. Kwa skrubu ya namba 8, tundu la milimita 3 latosha. Hesi zikipakwa nta ya mshumaa, skrubu huingia kwa wepesi na kichwa hakikatiki.

Chini ya sinki, ambako maji hayakosi kudondoka, ni busara kutumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Bei yake ni ya juu lakini huhitajika chache. Chuma hicho ni laini kidogo, kwa hiyo kisikazwe kwa pupa.

Bisibisi pia ina nafasi yake. Kichwa chenye msalaba kiitwacho Phillips, kilichoenea kuanzia miaka ya 1930 kutoka Marekani, hakilingani na kile cha Pozidriv kilichokuja miaka ya 1960, ingawa vyote vina msalaba. Pozidriv hutambulikana kwa mistari minne midogo baina ya mikono ya msalaba. Bisibisi isiyo yake huteleza, hula kichwa, na skrubu hubaki haijakazika wala haitoki.

Hatua za kufuata

Fundi makini huanza kwa kugonga ukuta na kuchunguza yanayopita ndani yake. Nyaya za umeme aghalabu hupanda wima au kupita mlalo kutoka kwenye soketi na swichi, na mabomba hupanda kutoka kwenye mifereji. Haifai kutoboa katika mistari hiyo.

Baada ya hapo hupiga mstari kwa pimamaji na kufunga ubao wa muda ukutani, ambao kabati litakalia wakati wa kazi. Skrubu hazipaswi kukazwa huku watu wawili wakililemea kabati kwa mabega.

Kila tundu lipulizwe vumbi kabla ya kiziba kutiwa. Vumbi likibaki, kiziba hukaa juu ya unga badala ya ukuta. Skrubu zote ziingizwe kwanza bila kukazwa, kabati lisawazishwe, ndipo zikazwe moja baada ya nyingine kwa zamu.

Skrubu inayozunguka bila kukaza imekataa kazi. Kuijaza njiti ya kiberiti katika tundu, kama ilivyo desturi ya baadhi ya mafundi, ni kujidanganya. Tundu lizibwe kwa saruji na jingine litobolewe kando.

Wenye makabati yaliyokwisha kufungwa nao wana la kufanya. Wafungue milango na kuangalia vichwa vya skrubu vilivyo ndani. Iwapo ni vyeusi na vyembamba, au vimepita katika ubao wa mgongo, kabati lishushiwe mzigo na kufungwa upya.

Dalili nyingine ni mwanya kati ya kabati na ukuta upande wa juu, milango iliyokuwa ikilingana ambayo sasa inapishana, na unga wa lipu unaodondoka juu ya meza. Dalili hizo zisipuuzwe kwa kisingizio kwamba kabati limekaa mwaka mzima bila kuanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi naye ahojiwe. Mwenye cheti cha majaribio ya ufundi cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ana ushahidi wa ujuzi wake, lakini hata asiye nacho anaweza kuulizwa maswali matatu mepesi: ukuta huu ni wa nini, skrubu ina urefu gani, na itapita katika ubao upi? Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kutoboa.

Hatimaye, mwenye nyumba asimwachie kijana wa kutumwa dukani jukumu la kuchagua. Skrubu nne za namba 10 zenye urefu wa milimita 80, pamoja na viziba vyake, huuzwa kwa bei isiyoweza kulinganishwa na ya kabati lenyewe. Aziandike kwenye karatasi, azihesabu zinapoletwa, na awepo zinapokazwa.